Sahihi ya Daktari Pruitt

Cobb Springs, Texas
Machi 3

Mwanangu Dessa,

Hujambo mama? Mimi mzima, ng'ombe wazima, ila upepo umetuchosha.

Tangu daktari wetu astaafu, huku ukiumwa ni safari ndefu au sala. Basi nikasimama kanisani: "Dessa wangu ni nesi aliyesomea kutibu na kuandika dawa. Atarudi!" Duka la dawa la zamani limeshapakwa rangi liwe kliniki yako, na mjomba wako Delbert ameandika jina lako kwenye kioo, herufi kubwa kama za tangazo la mnada. Rudi nyumbani. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Mama yako

New Mexico
Machi 20

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, ila kazi nyingi. Barua yako imenichekesha ikaniliza. Mbona mmeandika jina kabla ya kuniuliza? Huku natibu kwa leseni yangu mwenyewe. Nikivuka mpaka kuja kwenu, sheria ya Texas hainiruhusu kuandika hata dawa ya presha mpaka daktari asaini mkataba wa kunisimamia. Mikono ni hii hii, Mama!

Lakini nimempata Daktari Pruitt wa Lubbock, huko huko Texas. Amekubali kusaini. Nitandikie kitanda.

Binti yako

New Mexico
Juni 9

Shikamoo Mama,

Natumaini hujambo. Pruitt amejitoa. Hospitali anakofanya kazi imemkataza kusaini. Nimewapigia madaktari wengine. Mmoja hakujibu, mwingine alicheka. Sitaweza kuja. Nisamehe.

Dessa

New Mexico
Agosti 2

Mama,

Mbona kimya? Delbert anasema u mzima. Nitukane basi, ili mradi uandike.

Dessa

Cobb Springs
Septemba 1

Mwanangu,

Mzima mimi. Nilinuna. Nilikuwa napita pale dukani naangalia upande mwingine, kama mtu anayemkwepa mdai wake. Watu wananiuliza utakuja lini, najifanya nina haraka. Si kosa lako, najua, lakini moyo hausomi sheria.

Jana nikapiga simu kliniki kwako. Msichana wa mapokezi akaniuliza, "Unasumbuliwa na nini, bibi?"

Nikamwambia, "Nina hamu ya binti yangu."

Akanipa nafasi Alhamisi asubuhi. Delbert atanileta kwa gari. Usinipeleke kwa mwenzako, na usinipitishe mbele ya watu. Nitakaa foleni na wagonjwa wengine, nikutazame ukiingia na kutoka. Zamu yangu ikifika, funga mlango.

Mama