Chanzo cha Neema

Jumanne, Majengo

Chanzo kilikuwa kizuri mno, ndiyo maana kilinitia wasiwasi.

Neema, binti wa mtaa wa Pasua ninayemfundisha kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ameandika kuhusu mfongo, ule mfereji wa maji wa mababu huku mlimani. Wiki iliyopita nilimrudishia makala nikamwambia kila sentensi iwe na chanzo. Leo kila sentensi inacho, tovuti ileile ya kampuni ya kupandisha watalii mlimani. Nikaifungua. Maneno ni yaleyale ya Neema, hadi pale alipokosea akaandika "mfeleji".

Nikampigia, nikiwa tayari kumkaripia kwa kunakili.

"Shikamoo dada. Sijanakili. Bibi ndiye aliyenisimulia, ila ulisema bibi si chanzo. Nikamwomba kaka aiweke makala yangu kwenye tovuti ya kazini kwao, halafu nikaitaja."

Alisema bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyemaliza kazi aliyopewa.

Na huenda bibi anasema kweli. Hilo ndilo linaloniudhi.

Makala nimeiondoa. Sasa narudia vyanzo vyote nilivyowahi kupitisha, na kwa kila mwandishi najiuliza: huyu naye ana kaka?