Sahani Safi ya Ijumaa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Tukuyu, Wilaya ya Rungwe
Tarehe 15/7/1994. Yameanza kuandikwa saa 3:10 asubuhi.

Jina: Hezron Mwakibete. Umri: miaka 47. Kabila: Mnyakyusa. Dini: Mkristo, Moravian. Kazi: fundi wa maabara, Kituo cha Afya Itulo. Makazi: Makandana, Tukuyu.

Nimeelezwa kwamba nikisema jambo ninalojua ni la uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa.

Sikuitwa na mtu. Nimekuja kwa miguu yangu baada ya kusikia kwamba Bibi Atuganile Mwasomola wa Kisiba, anayetibu kwa mitishamba, mwenye miaka sitini na sita, yumo mahabusu tangu juzi kwa sababu ya kifo cha Jackson Mwambene, mkulima wa chai wa Ikuti. Ndugu wa marehemu wanasema bibi huyo alimpa sumu. Nataka kueleza jinsi gome la mti wake lilivyofika kwenye kidonda cha Jackson. Si yeye aliyelipeleka. Ni mimi.

Kazi yangu ni kupima damu, choo, makohozi na usaha. Tangu mwaka juzi nimekuwa nikipima dawa zenyewe pia. Hakuna aliyenituma. Tangu biashara iachiwe huru, vidonge vinauzwa sokoni katikati ya betri na dagaa, na muuzaji hajui hata kusoma jina lililoandikwa kwenye kopo. Nimelisema hilo mikutanoni, nimeandika barua magazetini, na mbili zilichapishwa. Koplo ameniomba nisihutubie. Nakubali, ila chanzo cha kosa langu kimo humo, ndiyo maana nakitaja.

Ninavyopima ni hivi. Ninazo sahani sita za kioo zenye vifuniko. Ndani naweka chakula cha kuoteshea bakteria, kilichoganda, chenye damu ya kondoo. Juu yake napaka usaha. Nakata vipande vya karatasi ya kuchujia kwa kile chombo cha ofisini cha kutobolea faili, navichovya kwenye dawa, navilaza juu. Sahani inakaa usiku kucha ndani ya sanduku la mbao lenye balbu, ipate joto la mwili wa mtu. Asubuhi bakteria wanakuwa wameota sahani nzima kama ukungu kwenye ugali wa juzi. Dawa ikiwa na nguvu, kuzunguka kipande chake panabaki duara tupu. Isipokuwa na nguvu, bakteria wanaota mpaka kwenye karatasi. Pembeni lazima iwepo sahani ya kulinganisha, iliyopakwa usaha bila dawa yoyote, ili ujue kama wameota kweli.

Mwezi Juni nilimwomba Bibi Atuganile gome analotumia kuoshea watoto mapunye kichwani. Jina la mti silitaji hapa, watu wasije wakaenda kuumenya. Nilichukua magamba kutoka vichwa vya wanafunzi watatu, nikaotesha ile kuvu ya mapunye, nikaijaribu na maji ya gome. Nilipata duara lenye upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilirudia mara tatu, na sahani za kulinganisha, na duara lilikuwepo mara zote. Huo ni ukweli na bado nausimamia. Nilifurahi kuliko inavyomfaa mtu wa kazi yangu.

Mnamo tarehe 5 Julai, siku ya Jumanne, saa 4 asubuhi, Jackson aliletwa na mkewe, Tulia. Alikuwa amejikata muundi kwa panga siku nane kabla, akipogoa chai. Kwa siku hizo zote alikuwa akimeza rangi mbili, zile kapsuli za kuua bakteria, alizonunua kwenye duka la Hosea Mwaijande, sokoni Tukuyu. Kidonda kilikuwa kinanuka. Mganga wetu, Felista, alimwandikia sindano saba za PPF, yaani penisilini, moja kila siku, na akaanza siku hiyohiyo. Mimi nilichukua usaha.

Jumatano nilipanda usaha ule kwenye sahani moja, pamoja na unga wa rangi mbili za Hosea. Alhamisi asubuhi bakteria walikuwa wameota mpaka juu ya karatasi. Dawa ile haikuwa na nguvu yoyote.

Siku hiyohiyo ya Alhamisi, saa 10 jioni, nilipanda usaha uleule kwenye sahani nyingine, pamoja na maji ya gome. Chakula cha kuoteshea kilibaki cha sahani hiyo moja tu. Sahani ya kulinganisha sikuiweka. Saa 11 nilifunga maabara nikaenda nyumbani. Nyumbani kwangu hakuna umeme.

Ijumaa tarehe 8, saa 1:30 asubuhi, nilifungua sanduku. Balbu ilikuwa inawaka. Sahani ilikuwa safi kabisa, kutoka ukingo mpaka ukingo, nyekundu kama ilivyomiminwa. Duara lina mwisho wake. Pale sikuona mwisho wa kitu chochote. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeshtuka. Mimi nilisema kwa sauti, "Limeua sahani nzima."

Esnath, mfanyausafi wetu, alikuwa anadeki mlangoni. Alisema, "Kaka Hezron, umeme ulikatika jana saa 12, umerudi sasa hivi, chai yangu haijachemka. Hiyo sahani umeipa joto gani?"

Kawaida yetu umeme ukikatika ni kuzihamishia sahani kwenye kapu lenye majani makavu ya mgomba na kuliweka kando ya jiko la wagonjwa, kama watu wanavyovundika ndizi. Yeye hana ufunguo wa maabara. Nilimjibu, "Mama, wewe deki." Mwezi wa saba hapa kwetu hata mafuta ya kula yanaganda kwenye chupa. Nilijua hivyo.

Saa 3 asubuhi Jackson alikuja kwa sindano ya nne. Alikuwa anakaa kwa upande mmoja wa benchi. Aliniambia, "Sindano za Felista zimenifundisha adabu, nakaa kama nimemwona mkwe." Homa ilikuwa imeshuka. Nilimwonyesha sahani zote mbili. Nilimwambia ya kwanza ni dawa ya dukani, ya pili ni ya nyumbani kwetu, na kwamba asubuhi na jioni aoshe kidonda kwa maji ya gome. Aliuliza, "Na hizi sindano?" Nikasema, "Hizi nazo zinatoka hukohuko zinakotoka rangi mbili." Nilisema maneno hayo. Sindano zile hazikutoka dukani wala sikuwahi kuzipima.

Felista alikuja kunigombeza. Alisema, "Hezron, mtu huyu amebakiza sindano nne. Gazeti lako lisiingie kwenye faili la mgonjwa wangu." Jackson alikuwa ameshaondoka bila kuchomwa ile ya nne.

Saa 6 mchana niliwafuata Jackson na mkewe kwa gari la kituo, nikawapeleka Kisiba. Bibi Atuganile alikitazama kidonda akarudi nyuma. Alisema, "Mwanangu, hii ni ya mapunye. Kidonda chenye usaha mimi nawaachia wenye sindano." Nilimwambia nimepima. Akauliza, "Umepima nini?" Nilimwonyesha sahani. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema haoni kitu. Nikamwambia hicho ndicho kitu chenyewe. Basi akasema, "Wewe umesoma," akaingia ndani akaleta gome. Hakupokea chochote. Naomba maneno hayo, "nawaachia wenye sindano", yaandikwe yalivyo, kwa sababu ndiyo ukweli wake, na Tulia aliyasikia.

Saa 9 alasiri nilisimama sokoni mbele ya duka la Hosea na sahani zangu mbili. Watu walijaa. Nilimwambia, "Hosea, dawa yako hii hapa. Wadudu wameifanya mto wa kulalia." Watu walicheka. Hosea aliitazama ile ya pili kwa muda, kisha akaniuliza, "Na hiyo nyingine, mbona haina kitu kabisa? Uliwapanda kweli?" Watu walimcheka zaidi yeye. Nami nilicheka.

Jioni niliirudisha sahani ile sandukuni, nikaiacha na balbu inawaka.

Jumatatu tarehe 11 Julai, saa 2 asubuhi, nilifungua sanduku. Sahani ya gome ilikuwa imeota kila mahali. Walikuwa wamepanda mpaka juu ya karatasi yenye gome, hapakuwa na nafasi hata ya sindano. Kumbe Ijumaa walikuwa wamelala kwa baridi, hawakuwa wamekufa. Nilichukua baiskeli ya kituo nikaenda Ikuti. Nilifika saa 5. Nilisikia vilio kabla sijaona nyumba. Jackson alikuwa amefariki saa 11 alfajiri, mguu umevimba mpaka kinenani. Chungu cha maji ya gome kilikuwa kando ya kitanda. Gome lilikuwa bado linaelea ndani.

Tangu siku hiyo sijalala sawasawa. Nikifumba macho naiona sahani, nyekundu, safi. Sahani iliyoota sijawahi kuiota ndotoni. Ni ile safi tu.

Sahani yenyewe nimekuja nayo, imefungwa kwa plasta, naikabidhi iwe kielelezo. Bibi Atuganile hakufanya lolote ila kunitii. Hayo niliyoyasema ni yangu, nimesomewa, nimeona yameandikwa kama nilivyotamka.

(Sahihi) H. Mwakibete
Saa 5:25 asubuhi

MAELEZO YA MWANDISHI: Mimi D/Koplo Zuber nimeyaandika maelezo haya kwa Kiswahili na kumsomea shahidi. Nimewasiliana na mkuu wa kituo. Kwa maelezo haya, mahabusu Atuganile Mwasomola ataachiwa leo. Nilimfahamisha shahidi kwamba alilofanya linaonekana kuwa kosa la kazini, kwamba alikwenda Ikuti mara tu alipogundua, na kwamba anaruhusiwa kurudi nyumbani. Shahidi hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje hadi saa 6:40, kisha akarudi na kuomba kalamu. Yafuatayo ameandika kwa mkono wake.

NYONGEZA: Haikuwa Jumatatu. Sanduku nililifungua Jumamosi tarehe 9, saa 2 asubuhi. Sahani niliikuta imeota kama nilivyoeleza. Jackson alikuwa hai. Gari lilikuwepo, Felista alikuwepo, sindano nne za Jackson zilikuwa kabatini. Nililifunga sanduku. Nilijiambia kwamba bakteria wa hewani wameingia, nikajiambia nitapima upya Jumatatu. Sikuamini hata moja kati ya hayo mawili. Niliwaza Hosea atasema nini.

Jumapili baada ya ibada Tulia alinisubiri nje ya kanisa. Alikuwa ametembea kutoka Ikuti na mkungu wa ndizi kichwani, ametumwa na mumewe kuja kunishukuru. Alisema, "Homa imerudi kidogo, shemeji, na mguu umejaa. Lakini tunaosha asubuhi na jioni kama ulivyosema. Tuendelee?"

Ndizi nilizipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Endeleeni."

(Sahihi) H. Mwakibete

Imepokelewa saa 7:05 mchana. Nimemwondoa kwenye orodha ya mashahidi na kumpa onyo kama mtuhumiwa. Amesema hana la kuongeza.

(Sahihi) D/Koplo Zuber