Mwezi Tulioukataa Unga wa Kishada

Jumatatu, 3 Agosti

Anisia, akili zako umeziacha wapi? Mtu mzima, mke wa mwanangu, unasusia unga! Nimemwambia hivyo mbele ya majirani na sijuti. Nilikuwa namenya muhogo uani kama kila asubuhi, nikamwona anarudi kutoka stendi mikono mitupu. Unga umekwisha. Dukani upo. Yeye hataki.

Chapati zake ndizo zinatulisha. Mwanangu yuko migodini Geita, akipata anatuma, asipopata kimya. Na hizo chapati ni laini kwa sababu ya unga wa Kishada. Hakuna asiyejua hilo hapa Nyakanazi.

Sababu yake hii hapa. Jana kulikuwa na mkutano wa kampeni, uchaguzi mdogo wa diwani. Mgombea akasema mabanda ya mama lishe pale njia panda ni uchafu, akipata kura atayafagia yote aweke maegesho ya malori. Kisha tajiri mwenye kiwanda cha Kishada akapanda jukwaani, akamshika mkono, akasema Kishada na huyu bwana ni kitu kimoja. Akagawa kofia. Anisia alikuwepo. Anasema: kama ni kitu kimoja, basi tunavikataa vyote viwili.

Unga hauna chama, nimemwambia.  Kaosha sufuria kwa hasira mpaka nikaionea huruma sufuria.

Alhamisi, 6 Agosti

Kumbe si yeye peke yake. Mstari mzima wa mama lishe wamekubaliana. Wamekaa kikao nyuma ya banda la Mama Shamimu, yule anayeuza chai na supu, na Anisia ndiye aliyetoa sharti: atakayeonekana na mfuko wa Kishada, atatoka kwenye mstari na banda lake. Hakuna kuulizana. Wote wakanyoosha mikono.

Mkamwana wangu huyu, wakati naletewa hapa, alikuwa haongei mbele ya wageni. Leo anaweka sheria. Sikumsifu. Nimemwambia atakufa njaa na sheria yake. Lakini nimelala mchana nikiwaza.

Jumamosi, 8 Agosti

Mambo mabaya. Unga mwingine wanaotumia ni wa ajabu. Chapati inavutika. Nimetafuna moja, taya limeniuma. Dereva wa lori la Burundi kaikunja mbele ya watu, kauliza:

"Mama, hii chapati au kandambili?"

Wakacheka wote. Anisia akacheka nao, akamrudishia pesa yake. Jioni karudi na beseni limejaa nusu. Tumekula sisi. Kesho tutakula tena. Wakala wa Kishada, ambaye duka lake linatazamana na mabanda, anakaa mlangoni na kofia yake anawahesabu wateja wanaompita Anisia. Mjinga yule. Mama yake tulikuwa naye jumuiya moja, alikuwa mtu wa maana.

Anisia hajalalamika hata neno moja. Hilo nalo linaniudhi. Mtu akilalamika unapata pa kumsemea.

Jumapili, 9 Agosti

Baada ya misa nimemwita jikoni. Nimemwambia kaa hapo, uone kabalagala, andazi letu la ndizi. Nikachukua ndizi sukari zilizoiva mpaka ganda jeusi. Nikaziponda kwa mikono. Nikatia unga wa muhogo wa kwetu, pilipili kidogo, chumvi. Yeye akainua kikombe cha maji atie! Nimempiga kofi mkononi. Kabalagala haitiwi maji hata tone. Maji ni ya ndizi yenyewe. Ukitia maji inakunywa mafuta kama mlevi. Nikaisukuma, nikakata kwa mdomo wa glasi, nikakaanga.

Kala nne.  Kala ya tano.

Tuliuza hizi mimi na mama yangu gulioni, nikiwa msichana. Ngano hatukuijua. Sasa nashangaa kwa nini niliacha.

Jumanne, 11 Agosti

Kabalagala zimekwisha kabla ya saa nne asubuhi. Yule wa kandambili kanunua za kupeleka Bujumbura. Akina mama wengine wanataka kujifunza. Nimewaambia waje uani, wanawe mikono kwanza.

Shida: unga wa muhogo nilionao umebaki kiasi cha kiganja tu. Wa sokoni una mchanga, siwezi kuutia jina langu. Shambani kwangu Bukiriro dada yangu ana makopa ya kutosha, muhogo uliokaushwa vizuri, mweupe. Kesho naenda. Anisia anasema nimtume mtu. Mtu gani? Mtu atapewa yenye ukungu atasema ahsante.

Alhamisi, 13 Agosti

Leo nimefanya ujinga. Mimi. Naandika ili nisije nikasema sikufanya.

Dada yangu alisaga usiku wa jana yake, unga mzuri kabisa, akaufunga kwenye mfuko. Mfuko gani? Mfuko wa Kishada. Huku kwetu nani hana hiyo mifuko? Ni imara. Tunaanikia muhogo, tunabebea maharage, mwingine kazibia dirisha. Sikuutazama. Nimeshuka basi pale njia panda, nikajitwika, nikapita katikati ya mabanda na ile picha ya kishada chekundu imeelekea kwa watu.

Nikaona sijapata shikamoo hata moja. Mimi! Wanawake wale niliwafundisha juzi uani kwangu. Mama Shamimu kageuza uso, kainamia sufuria ya supu. Nikadhani nina uchafu usoni.

Kumbe wakala ameshanipiga picha na simu yake. Kabla sijatua mzigo, picha imeshatembea kwenye makundi yao ya simu: Anisia karudi Kishada kwa siri, anamtumia bibi kizee.

Nimemwambia Anisia fungua waonyeshe, ni muhogo huu! Anisia kanitazama kwa upole, akasema:

"Mama, sharti halikusema unga. Lilisema mfuko. Na nililitoa mimi."

Akaanza kufungua turubai la banda lake. Fundo moja moja. Hakulia. Akina mama wanamtazama, hakuna aliyesema acha. Miaka tisa yuko pale. Akitoka, nafasi inachukuliwa kesho yake, na sisi hatuna kitu kingine.

Nimekaa juu ya ule mfuko.

Ijumaa, 14 Agosti

Sikungoja mtu anitetee. Nimekwenda stendi mapema na ungo wangu, jiko, sufuria, mafuta, mkungu wa ndizi. Sikwenda kwenye mstari, hapo hatuna banda tena. Nimekaa mbele ya duka la wakala, barazani kwake hasa. Nikafungua mfuko, nikaumwaga unga kwenye ungo, watu wote waone.

Nikamwita Mama Shamimu kwa sauti.

"Wewe, ingiza mkono. Nusa. Hii ngano?"

Akaja pole pole. Akanusa. Unga wa makopa una uchachu wake, huwezi kuufananisha. Akanusa tena.

"Muhogo, Bibi."

"Haya. Na shikamoo yangu ya jana iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Akanipigia goti palepale na aproni yake, "Shikamoo Bibi, shikamoo ya jana na ya leo." Nikamwitikia mara mbili.

Kisha nikawaambia kosa ni langu. Mimi ndiye niliyebeba, si Anisia. Kama kuna mtu wa kutolewa kwenye mstari mnitoe mimi, na mimi sina banda, basi mtanitoa wapi. Nikamwambia wakala na yeye anipige picha sasa, na akitaka nikae vizuri. Kaingia ndani.

Mama Shamimu ndiye aliyesema sharti lirekebishwe. Mifuko yote ya zamani igeuzwe ndani nje. Hapo hapo wakaanza kugeuza. Anisia alikuwa nyuma yao wote, mikono kifuani. Mwanamke mmoja akaenda kumrudishia turubai juu ya nguzo. Halafu wa pili. Sikuhesabu.

Nilitaka kumwambia kitu. Nimemwambia mafuta yanaungua.

Jumatano, 19 Agosti

Wakala hauzi. Mifuko imepangwa mpaka mlangoni. Mama lishe wa Lusahunga nao wameacha, wa stendi ya Biharamulo mjini wanauliza. Kwa nini sikuelewa mapema? Wanawake hawa wote wakiamka asubuhi wanashika unga. Tajiri alidhani ni yeye anawalisha.

Jumapili, 23 Agosti

Tajiri kaja mwenyewe. Gari kubwa, viatu safi. Kaja na aproni mpya, miavuli, na mifuko kumi ya unga ya bure kwa ajili ya Anisia. Anachotaka ni picha moja tu, Anisia akikanda unga wa Kishada na anacheka.

Mifuko kumi. Mimi nilimeza mate, sikatai. Mwezi huu tumekula mboga za majani mpaka zimetuchosha.

Anisia kamkaribisha kiti. Kamkaangia kabalagala, kampa kwenye sahani nzuri. Akamwacha ale. Halafu akamwambia:

"Baba, ulisema kwa kipaza sauti. Utusemee kwa kipaza sauti. Siku utakaposimama palepale ukasema hatuondoki, sisi tutanunua unga wako, na tutaulipia."

Tajiri akasema yeye siasa haziwezi, alialikwa tu. Anisia akasema, sasa tunakualika sisi.

Hakupaza sauti. Hakumtukana. Mimi ningemtukana. Mifuko kumi ikarudi kwenye gari, na mkamwana wangu akamfungulia mlango wa banda apite, kwa heshima. Nimeishi miaka mingi, nimeona wanaume wenye madaraka wakishindwa kukataa soda moja.

Jumatatu, 31 Agosti

Jana mkutano wa kufunga kampeni. Nilikwenda na kigoda changu. Tajiri kapanda. Uso umemshuka. Kasema yeye ni mtu wa unga, jina la Kishada liondolewe kwenye kampeni, na akina mama wa njia panda wasiguswe kwa sababu ndio waliomfikisha hapo alipo. Kasema haraka haraka kama mtoto anayetubu. Lakini kasema, na kipaza sauti kilikuwa kizima.

Mgombea naye akasema hakueleweka vizuri mara ya kwanza. Alieleweka vizuri sana.

Jumatatu, 7 Septemba

Mgombea kashinda. Ndiyo hivyo. Watu walipiga kura kwa sababu zao.

Leo kaja kwenye mabanda kushukuru, kala, kasema hakuna atakayeondolewa. Wanawake wakapiga vigelegele. Anisia hakupiga. Kamwomba aandike. Diwani akacheka, akasema neno langu halitoshi? Anisia akasema, linatosha sana Mheshimiwa, ndiyo maana tunataka lisipotee. Wakaenda pamoja mpaka ofisi ya mtendaji, akina mama nyuma yao na aproni zao. Wamerudi na karatasi. Sahihi ipo. Mhuri upo.

Kisha Anisia akavuka barabara, akanunua mfuko mmoja wa Kishada kwa wakala. Mbele yangu! Nikamwambia una wazimu, baada ya yote haya? Akasema alitoa ahadi kwa yule mzee wa Kishada. Akikaa kimya leo, mwakani nani atamwamini.

 Mimi nilijiona ndiye mtu mwenye msimamo katika nyumba hii.

Jumapili, 13 Septemba

Misa ya kwanza. Padre kahubiri kwa ufupi, Mungu ambariki. Mvua imenyesha kidogo alfajiri, udongo unanukia. Anisia kalala mchana huu, mlango wazi, miguu nje ya mkeka. Visigino vimepasuka. Nimempaka mafuta bila kumwamsha.

Sijamwambia kwamba ni mwanamke hodari. Mwanangu alichagua vizuri, na mimi wakati ule nilisema hapana. Nilisema kwa sauti, kwao, mbele ya wazee. Nitamwambia akiamka, au nitamwambia kesho.

Stendi sasa wateja wanataka vyote viwili, chapati na kabalagala. Makopa ya dada hayatafika Krismasi. Lile shamba la chini Bukiriro limelala misimu miwili, ni aibu. Kesho basi la kwanza niwe ndani yake. Pingili za muhogo zikatwe Jumanne, zilazwe kivulini siku moja, na Alhamisi zote ziwe ardhini kabla mvua kubwa haijafika. Dada asiniambie mgongo unamuuma. Wangu pia unauma. Alete jembe.