Kukimbia Badala ya Trevor

Doha, Ijumaa, 14 Machi 2025

Bradley wangu,

Shalom kutoka kwa mama yako. Mimi mzima, ni magoti tu yananikumbusha kwamba nina miaka arobaini na sita. Na wewe je? Kifua kimepona? Baridi ya huko Kansas imelegea, au bado unalala na soksi mbili?

Huku ni Ramadhani, mchana mji umetulia. Mimi bado nalinda lile jengo la Al Sadd, kwenye ule mlango mkubwa wa vioo niliokutumia picha yake. Mungu ni mwema.

Leo baada ya ibada kanisani pale Mesaimeer, maana huku Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko, nilisimama mbele ya akina mama, nikawaambia mwanangu anacheza besiboli ya chuo Marekani, na yeye ndiye mpigaji wao. Phyllis, mwenyekiti wetu, akauliza hiyo besiboli ni kitu gani. Nikamwambia, "Ni ule mchezo alioanza na mpira wa soksi na mwiko wangu wa ugali, mpaka mwiko ukavunjika." Wakacheka! Kisha tukaiombea mikono yako, mama ishirini na tatu, kwa sauti. Tulimwambia Bwana kwamba timu ni kumi na mbili, zinazoingia mashindano ya mwisho ni nane tu, na yenu isikose.

Umepiga mara ngapi mpaka sasa? Niandikie nikawasomee.

Mama yako wa mlango mkubwa


Kansas, 21 Machi 2025

Mama, habari ya kazi na magoti?

Kifua kimepona, baridi bado. Timu inajikaza, wiki hii tumeshinda mbili tukapoteza moja. Mimi niko tu, nacheza cheza. Waambie akina mama asante, ila wasiichoshe sana hiyo mikono kwa maombi. Jumatatu nina mtihani wa hesabu. Nitaandika vizuri baadaye.

Mwanao Bradley


Doha, Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Bradley,

Amani ya Kristo iwe nawe. Wiki nne hujaandika. Najua u mzima kwa sababu shosho, bibi yako, aliniambia ulimpigia, ukamuuliza habari za ng'ombe.

Cherotich, yule dada tunayelinda naye, alinionyesha kwenye simu yake ukurasa wa timu yenu. Tukatafuta jina lako, tukalipata mwisho kabisa. Mbele yake imeandikwa: michezo minne. Kupiga, sifuri. Alama, sifuri. Cherotich akaniangalia. "Mama Bradley, huyu mpigaji amepiga nini?" Nikamwambia ukurasa umeharibika.

Tangu siku hiyo nazunguka na hizo sifuri kichwani. Unaumwa? Wanakubagua? Niambie, sitakasirika. Siku kama ya leo si ya kufichana.

Mama yako


Kansas, 27 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Natumaini huumwi. Mimi mwili uko sawa.

Ukurasa haujaharibika. Mimi si mpigaji. Siku ya kwanza kocha alisikia natoka Kenya, akatoa saa ya kupimia mbio hata kabla ya kuniuliza jina. Nikamwambia kwetu ni Meru, wanaokimbia ni wengine. Akasema, "Kimbia tu." Nikakimbia, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Tuna mdakaji anaitwa Trevor, jitu la kilo mia na ishirini. Akipiga mpira unaenda mbali, lakini yeye mwenyewe haendi. Mchezo ukikaribia kuisha, akifika kituo cha kwanza au cha pili, kocha anamtoa na kuniweka mimi pale alipofika. Kazi yangu ni kumalizia vituo vilivyobaki mpaka nyumbani, pale wanaposimama wapigaji. Nikifika ni alama moja. Nimeingia mara nne, na sijafika nyumbani hata mara moja. Wenzangu wananiita Teksi.

Sasa tuko nafasi ya tisa. Tarehe kumi Mei tunacheza na walio wa nane. Atakayeshinda anaingia mashindano, atakayeshindwa anaenda kwao. Lakini nimechoka, Mama. Miaka miwili nabeba gongo nisilolitumia. Nimeamua kumrudishia kocha jezi kabla ya siku hiyo.

Usiwaambie akina mama, tafadhali.

Mwanao


Doha, Ijumaa, 2 Mei 2025

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimepiga magoti. Pole sana. Nilimsomea Cherotich pale pa saa ya kupimia mbio. Anasema mwambie kocha Wakalenjin, wenye mbio zao, watamshtaki.

Sasa nisikilize. Ule mlango wa vioo si wangu, ni wa Cherotich. Nilisimama pale dakika ishirini wakati anakula, nikajipiga picha. Mimi ni riliva, mwaka wa sita huu. Sina mlango. Nazunguka milango saba: huyu aende kula, yule aende msalani, Shamira aende kuswali. Ramadhani nzima, adhana ya magharibi ikilia, Shamira anafungua saumu kwa tende na maji, mimi nimesimama badala yake. Akirudi ananiambia, "Mungu akulipe, Mama Bradley," nami nakwenda mlango mwingine. Niliona haya kukwambia, maana ulikuwa ukijivunia ile picha.

Lakini waulize wote kama kuna siku mlango ulibaki wazi. Haipo.

Trevor anafika pale alipofika kwa jasho lake. Ukirudisha jezi, nani atasimama badala yake? Sikulazimishi, umeshakuwa mtu mzima. Nakuomba tu usiirudishe kwa kuona haya, maana haya hiyo ni yangu pia.

Na akina mama nimeshawaambia, unisamehe. Leo leo, mbele ya wote, ya kwako na ya kwangu. Kisha Phyllis akasema, "Kumbe tumehangaika na mikono bure! Haya akina mama, miguu." Tukaiombea miguu.

Mama yako tu, asiye na mlango


Kansas, 10 Mei 2025

Mama!

Salamu nitaongeza baadaye. Bado nina jezi, na imejaa vumbi mpaka shingoni.

Mzunguko wa tisa, ndio wa mwisho, tuko nne kwa nne. Trevor akaupiga mpira ukagonga ukuta wa nyuma, naye akafika kituo cha pili akihema kama ng'ombe wa jembe. Kocha hata hakunitazama. "Kenya, nenda." Siku zote tukipishana Trevor hunigusa bega tu. Leo akasema, "Nimefika hapa. Vituo vilivyobaki ni vyako." Nikamkumbuka Shamira na tende zake.

Aliyefuata akapiga mpira mfupi upande wa kulia. Nikatoka. Nimepita kituo cha tatu, nasikia watu wanapiga kelele kwamba mpira unarushwa nyumbani, namwona mdakaji wao anainua mikono kuudaka. Nikajitupa chini, mkono mbele, nikagusa pembe ya kibao cha nyumbani. Mwamuzi akakunjua mikono: salama! Tano kwa nne. Tumeingia, Mama, wa nane kati ya nane!

Trevor akaniweka begani akazunguka vituo vyote vinne, yeye asiyekimbia. "Leo teksi ndiyo abiria!" Uwanja mzima ulicheka, na mimi nililia kidogo. Mashindano yanaanza Alhamisi.

Habari ya magoti?

Mwanao, mkimbiaji


Doha, Jumapili, 11 Mei 2025

Bradley wangu,

Magoti hayapo leo, sijui yamekwenda wapi.

Barua yako imenikuta kwenye simu nikiwa tayari najua matokeo, ila habari za vumbi na pembe sikuwa nazo. Jana zamu ya Shamira iliisha saa mbili usiku. Basi la kwenda kulala lilikuwa nje, taa zinawaka. Akanishika mkono. "Mama Bradley, nenda ukamwone mtoto. Milango yako iliyobaki nitaisimamia mimi." Nikamwambia basi litamwacha. "Liniache." Miaka sita, mwanangu, na hakuna aliyewahi kunipokea mimi zamu.

Cherotich alikuwa chumba cha mapumziko na simu yake. Picha hakuna, ni namba tu zinabadilika. Jina lako likatokea chini ya la Trevor. "Ameingia," akasema. Nikafumba macho nikaanza Zaburi ya ishirini na tatu. Sikuwa nimefika hata kwenye bonde, akanipiga kofi la mgongo nusura nianguke.

Nikafumbua macho. Kupiga, bado sifuri. Alama, moja.

Mstari huo nimeunakili nyuma ya Biblia, chini ya siku uliyozaliwa. Sifuri sikuiondoa. Ijumaa nitawasomea akina mama vile vile ulivyo, na anayetaka kuuliza amepiga nini, aniulize mimi.

Mama yako, riliva