Boneti ya Moto

Uko hapo? Acha unachofanya, nisome.

Lile gari sinunui.

Si unakumbuka fundi alivyosema? Ule mlio wa injini huenda ni kitu kidogo, ila niende asubuhi niusikie injini ikiwa ya baridi, kabla haijawashwa na mtu. Ukinyamaza upesi, ninunue. Ukiendelea, nikimbie.

Ukiacha wewe, mpango huo nilimwambia mdogo wangu peke yake. Mdogo wangu wa tumbo moja, si mtu baki.

Basi leo asubuhi tumefika mimi na yeye, naweka mkono kwenye boneti. Ya moto. Ya moto kama pasi, mwenzangu.

Nikajua huu ni ujanja wa mwenye gari, yule mama yake mchumba wa mdogo wangu. Nikamuuliza, "Mama, umetoka na gari leo?"

Akanijibu bila wasiwasi, "Hapana mwanangu. Mdogo wako alinipigia alfajiri, akasema niwashe gari lipate moto kabla hujafika. Eti kelele zinakuumiza kichwa."

Kelele. Zinaniumiza kichwa. Mimi.

Mama wa watu hata hajui alichosema. Namgeukia mdogo wangu, yuko bize anapangusa kioo cha pembeni kwa mkono wa shati. Kioo chenyewe hakina hata vumbi.

Njiani nikamuuliza kwa nini. "Dada, ningemwambiaje mama mkwe kwamba gari lake bovu?"

Yaani kunipakia mimi na wanangu humo ndiyo akaona rahisi.

Sasa hivi kaniandikia. Nikadhani anaomba radhi.

Anaomba nikimkatalia mama mkwe, nisimtaje yeye.