Disko la Milango

Buhembe, Bukoba

Dada Somoe,

Shikamoo. Kifua chako kimepoa? Na mguu wa shemeji, anaukanyagia? Mimi mwili upo, ila mgongo umechoka. Zege la huku tunalipandisha mlimani kwa ndoo, na mvua inanyesha inavyotaka.

Barua yako nimeipata. Mwandiko ni wa mwanangu Zuhura, naujua. Kwa hiyo maneno kwamba mwanangu ni mtoro, kila mwezi anakosa siku nne tano, na kwamba unamtoa shule aende Mtwara kufanya kazi za ndani, ameyaandika yeye mwenyewe. Hakukosea hata herufi. Nimechelewa kukujibu. Sasa nina la kusema.

Hapa tumejenga choo cha wasichana katika shule ya msingi. Kuta zimesimama, bati limepigwa, fedha ikaisha kabla ya milango. Mwalimu mmoja, Mwalimu Koku, akaamua kufanya disko toto Jumamosi mchana, kiingilio kinunue milango. Akakodi spika na taa za rangi. Taa hizo hazionekani penye mwanga, basi mimi na wenzangu tukaziba madirisha ya darasa kwa maturubai ya kufunikia saruji.

Wazazi walipofika wakagoma. Mama mmoja wa Kiislamu, mwenye duka hapo jirani, akasema, "Waitu mwalimu, watoto gizani? Wangu haingii." Waitu ndiyo heshima yao huku. Mzee wa kanisa la Kilutheri, ambaye siku zote hugombana na mama huyo kwa ajili ya mbuzi wake, akamuunga mkono: "Leo mama kasema kweli. Mtoto acheze mahali anapoonekana."

Mwalimu hakubishana. Akaniambia, "Hamisi, shusha." Tukashusha maturubai. Watoto wakacheza kwenye jua la saa nane, taa zikizunguka bure ukutani. Waliokosa kiingilio walileta ndizi, zikapokelewa.

Nikiwa nakunja maturubai, msichana mmoja, umri wa Zuhura, akaniuliza, "Fundi, kwako hakuna mlango?"

"Upo."

"Mbona hapa umejenga ukausahau?"

Wenzake wakacheka. Nikamwambia mimi ni saidia fundi tu, milango si kazi yangu.

"Haya. Basi zile siku zetu tutaendelea kukaa nyumbani." Akarudi kucheza.

Sikuelewa mpaka mwalimu aliponieleza kwamba wasichana wakiwa kwenye hedhi hawaji, kwa kuwa hawana pa kujisitiri. Dada, nimejenga vyoo miaka mingi na sikuwahi kulifikiria hilo.

Kiingilio hakikutosha. Mwalimu akazima muziki, akawaambia wazazi, "Mmekataa watoto wafichwe wakicheza. Asanteni. Sasa nisaidieni wafichwe wakiwa chooni."

Mzee wa kanisa akatazama viatu vyake. Yule mama akamgeukia: "Mzee, wewe si una mbao?"

"Ninazo."

"Zinangoja nini? Harusi ya mbuzi wako?"

Jumatano tulifunga milango.

Wiki ijayo tunahamia Kagoma, upande wa Muleba, kujenga ghala la kahawa. Kabla hujamtoa Zuhura, nenda shuleni kwake ukaone choo kwa macho yako. Kikiwa wazi, huko nyumbani juu ya dari kuna turubai langu la kuanikia korosho. Likate vipande, mpelekee mwalimu mkuu atundike mpaka mbao zipatikane. Akikataa, niandikie, nitakuja mwenyewe.

Mfikishie salamu shemeji, na bibi yetu muuza maandazi, na mjomba mchoma mkaa.

Na wewe Zuhura, najua ndiye unayemsomea shangazi. Kama pale pa choo umeparuka kwa aibu, rudi nyuma usome kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
Hamisi