Mwavuli Niliomwambia Mama

Kaka Salum,

Mwezi wa tatu huu tangu wanajeshi wawili waje hapa Temeke kutuambia ndege yako imeangushwa ng'ambo ya mpaka. Mwili hawakuleta. Walileta sanduku la nguo zako tu.

Mie ndiye niliyeharibu, kaka. Mama alipoanguka sakafuni nilimwambia rubani ana mwavuli wa kushukia, ndege ikipigwa anaruka nao, labda umeshikwa mateka. Nilitaka anyanyuke. Akanyanyuka. Tangu hapo hataki usomewe hitima, na mkeo Zuhura kamkataza kukaa eda. Mtu hai hasomewi, anasema. Zuhura anavaa kanga za rangi kwa amri ya mkwe, analia chooni.

Unakumbuka uliporudi kutoka masomoni Uchina? Mama akakuuliza huko juu angani unakaa na nani. "Peke yangu, mama." Hakula siku nzima. Rubani wa ndege ya vita, na bado alikuwa akinituma nikusindikize dukani! Nawe unakubali, unapanga foleni ya sukari kama sie wengine. Ila ndege ikipita unanyamaza, unaisikiliza mpaka mlio uishe. Nilikuwa naona fahari, kaka, hadi naudhi watu.

Vita imekwisha. Mateka waliporudi tulikwenda kambini kuwapokea, mama kabeba maandazi. Walishuka wote, lori likabaki tupu. Rubani mwenzako, aliyekuwa na ndege yake ubavuni mwako siku ile, akanivuta pembeni. Ndege yako ilipasukia angani, akasema, na mwavuli hakuuona.

Wiki nzima nililificha. Juzi nikamweleza mama yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanifuta machozi kwa upande wa kanga yake. "Wamekudanganya, mwanangu. Wewe mwenyewe ulinieleza habari ya mwavuli, na wewe hujawahi kunidanganya."

Nimekuua vibaya, kaka, nusu nusu.

Ijumaa utasomewa hitima kwa shangazi, Chang'ombe, bila mama kujua. Zuhura atabaki huko amalizie eda yake kwa amani. Mie sitakuwepo. Mama hukaa barazani siku nzima akikutazamia, na nakuahidi hatakaa peke yake. Nitamwandalia sahani yako kila siku, nami nitaitoa yeye akiwa kwenye swala, asiione haijaguswa.

Mungu akurehemu, kaka yangu.

Nduguyo,
Mwanaidi